Jua, Antares, Mshtarii au Neptuni: upasue kipi mbele ya wanafunzi wako?

Kiangazi kikishakolea hapa Dodoma, kuanzia mwezi wa sita hivi, simu yangu haitulii. Mwalimu wa Kongwa, mwalimu wa Bahi, kijana wa chuo anayejitolea shule moja Ihumwa, wote swali lao ni lile lile: "Kaka, nimepewa jioni moja tu na klabu ya sayansi. Nataka kuwaeleza ndani ya nyota na sayari kubwa kuna nini. Nichukue Jua au niende na Mshtarii?" Wapo pia wanaotaka kumaliza kila kitu kwa saa moja na nusu. Hao nawaambia wachague, maana nilishajaribu mwenyewe: kufika Neptuni nusu ya darasa ilikuwa imesinzia na nusu nyingine inauliza chai inakuja saa ngapi.

Basi nimeviweka vinne mezani. Kila kimoja nimekipitisha kwenye maswali matano: kilichomo ndani, kwa nini kiko hivyo, ushahidi tumeupata wapi ilhali hakuna aliyeingia akatoka, unaweza kuonyesha nini ukiwa huku kwetu, na kinamfaa nani. Zohali nimeiingiza ndani ya Mshtarii kwa makusudi. Sababu utaiona.

Ila kabla hujachagua, kuna jambo moja linalobeba yote manne. Ulimwengu ulipoanza, katika dakika zake chache za mwanzo, ulitengeneza haidrojeni kama robo tatu ya uzito wa vitu vyote, na heliamu robo iliyobaki. Kaboni, oksijeni, chuma na vinginevyo vilikuja baadaye, kidogo kidogo, kama chumvi kwenye sufuria. Kwa hiyo Jua, nyota ya Antares na Mshtarii vimesongwa kwa unga mmoja. Tofauti yao kubwa ni uzito.

Nenda soko la nafaka Kibaigwa ukatazame magunia ya mahindi yaliyopangwa mpaka karibu na bati. La juu ukilibonyeza kwa kidole, punje zinacheza. La chini kabisa limekuwa gumu kama tofali, kwa kuwa limebeba yote yaliyo juu yake. Mahindi ni yale yale. Ndani ya nyota mambo ndivyo yalivyo: kila tabaka linabeba matabaka ya juu yake, na kadiri unavyoshuka ndivyo mgandamizo na joto vinavyopanda, mpaka gesi inasahau kwamba iliwahi kuwa gesi. Mwanafunzi akilishika hilo, mengine yote atayafuata hata ukikosea tarakimu.

JUA

Kilichomo. Usoni, asilimia kama 74 ya uzito ni haidrojeni na 25 ni heliamu. Asilimia moja na ushei inayobaki wanagawana wengine wote. Kitovuni hesabu imegeuka: haidrojeni imebaki kama theluthi tu, kwa sababu imekuwa ikigeuzwa heliamu kwa miaka bilioni 4.6. Joto pale ni nyuzi milioni 15, na lita moja ina uzito wa kilo 150. Ndoo ya lita 20 ya kitovu cha Jua ingekuwa tani tatu! Na bado haijawa jiwe wala maji, kwa sababu joto limezivua atomu elektroni zake na chembe zinakimbizana huru.

Kutoka kitovuni nishati inapita kwanza kwenye tabaka nene ambamo mwanga unagonga huku na kule kwa makumi ya maelfu ya miaka. Theluthi ya mwisho kuelekea juu inatokota kama uji: gesi ya moto inapanda, inapoa, inazama. Kila povu la uji huo lina upana wa kilomita kama 1,000, karibu na safari ya Dodoma kwenda Dar es Salaam na kurudi.

Sababu. Magunia ni mengi kiasi kwamba protoni kitovuni hulazimishwa kukaribiana na kuungana. Haidrojeni nne zinatoa heliamu moja, na uzito unaopotea, chini ya asilimia moja, unatoka kama nishati. Kila sekunde tani kama milioni 600 za haidrojeni hupita kwenye kinu hicho, na tani milioni nne hivi hazionekani tena kama maada. Wanafunzi hupenda tarakimu hizo, lakini mimi napenda nyingine: mita moja ya ujazo ya kitovu cha Jua hutoa chini ya wati 300. Lundo la samadi lililovundikwa vizuri nyuma ya zizi linaweza kushindana nayo. Jua linatisha kwa ukubwa wake, wala si kwa ukali wa moto wake. Na huo upole ndio umelifanya lidumu.

Ushahidi. Hapa ndipo Jua linapowapita wenzake, ushahidi upo wa kila namna. Heliamu yenyewe iligunduliwa kwanza kwenye mwanga wa Jua mwaka 1868, ikaja kupatikana duniani mwaka 1895. Mwaka 1925 Cecilia Payne, binti wa Kiingereza aliyekuwa akisomea Marekani, alionyesha kutokana na mistari inayoonekana mwanga wa nyota ukitawanywa kuwa rangi zake kwamba nyota ni haidrojeni kwa sehemu kubwa mno. Henry Norris Russell, mkubwa wa fani wakati ule, alimshauri asiliamini jibu lake. Miaka minne baadaye Russell mwenyewe akafika pale pale. Simulizi hiyo peke yake inastahili dakika kumi za kipindi chako.

Kisha kuna mitetemo. Uso wa Jua unapanda na kushuka kwa mapigo ya kama dakika tano, na wataalamu wanayasikiliza kama unavyogonga tikiti kwa kidole sokoni Majengo kujua limeiva. Mlio unabadilika kulingana na kilichomo. Na mwisho kuna nyutrino, chembe zinazotoka kitovuni moja kwa moja na kutufikia kwa dakika nane, bila kugonga kitu njiani.

Hapa jiandae kwa swali la heliamu. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba kuna heliamu Rukwa, na mtoto mmoja lazima atauliza kama imetoka Jua. Haikutoka huko. Imezaliwa ndani ya miamba, urani na thoriamu zinapooza taratibu. Urani watu wa Bahi na Manyoni wanaifahamu, wametembelewa na watafiti wa madini hayo mara nyingi.

Cha kuonyesha. Mchana kweupe, taswira ya Jua ikirushwa kutoka kwenye darubini hadi kwenye karatasi nyeupe. Madoa yakiwepo yanaonekana vizuri. Mtu asiweke jicho kwenye darubini, hata kwa utani. Mwaka juzi nilifunika kila kitu nikasahau kile kidarubini kidogo cha kulengea. Nikiwa nimeinama naeleza mambo ya kitovu nikasikia harufu ya kitu kinaungua: ni shati langu, lilikuwa limetoboka begani. Wanafunzi walicheka sana na somo la usalama likawa limeisha.

Linamfaa mwalimu mwenye kipindi cha mchana, asiyeweza kuwabakiza watoto usiku, na anayetaka hoja ziende hatua kwa hatua.

ANTARES

Hii ni ile nyota nyekundu iliyo kifuani mwa kundi la nyota la Nge. Jioni za Juni hadi Septemba iko juu kabisa Dodoma, na anga letu la kiangazi halina wingu la kuificha.

Kilichomo. Nje ni gesi nyepesi mno iliyovimba. Ungeiweka Antares palipo Jua, ingeimeza Dunia, ikaimeza na Mirihi. Katikati kuna kitovu kidogo kizito. Nyota za uzito huu zikikaribia mwisho hupangika kama kitunguu: haidrojeni nje, chini yake heliamu, kisha kaboni, neoni na oksijeni, silikoni, na chuma katikati. Angalia usiseme kwamba Antares ina matabaka yote hayo usiku wa leo. Yale ya ndani kabisa huja dakika za lala salama.

Sababu. Ina uzito unaozidi wa Jua zaidi ya mara kumi, kwa hiyo kitovu kinapata joto ambalo Jua halitalifikia. Matokeo yake majivu ya moto wa kwanza yanakuwa kuni za moto wa pili. Heliamu inachomwa kuwa kaboni, kaboni inachomwa, na kila moto una maisha mafupi kuliko uliotangulia. Ule wa silikoni hudumu siku chache tu. Chuma ndicho kikomo, kwa kuwa kukiunganisha hakutoi nishati, kunaila. Jiko limekosa kuni na magunia yote bado yako juu. Kitovu huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja.

Ushahidi. Rangi inatupa joto la uso, kama nyuzi 3,400. Ya ndani tumeyapata kwa hesabu na kwa msiba wa jirani: Februari 1987 nyota kubwa ililipuka kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, na mitambo iliyokuwa chini ya ardhi Japani na Marekani ikanasa nyutrino kama ishirini kutoka kwenye kitovu kilichoporomoka. Ishirini tu, lakini zilitosha kuonyesha kwamba hesabu zilikuwa kwenye njia sahihi.

Cha kuonyesha. Macho yako na kitunguu cha Singida kilichokatwa katikati. Darubini haisaidii hapa, itabaki nukta. Waambie wafananishe wekundu wake na weupe wa nyota za jirani, hapo wataelewa kwamba rangi ni kipimajoto.

Inamfaa asiye na kifaa chochote, na anayependa kufundisha kwa kusimulia. Haimfai mwenye wanafunzi wanaotaka kuona ndipo waamini.

MSHTARII

Kilichomo. Juu ni mawingu ya amonia. Ukiyapita unaingia kwenye haidrojeni na heliamu inayozidi kuwa nzito, mpaka unajikuta kwenye kimiminika bila kuvuka ufuo wowote. Mshtarii haina mahali pa kusimama. Ukizidi kushuka, mgandamizo unafika mara milioni moja hadi mbili ya ule wa hewa tunayovuta, na elektroni za haidrojeni zinaachia. Gesi ile ile ya kwenye kitabu cha kidato cha pili inakuwa metali ya kimiminika, inapitisha umeme kama shaba. Humo ndimo unamozaliwa uga wa sumaku mkubwa kuliko wa sayari yoyote tunayozunguka nayo Jua.

Katikati, vitabu vya zamani vilichora jiwe lenye ukingo safi. Chombo cha anga cha Juno, kilichofika Mshtarii Julai 2016, kimeuharibu mchoro huo. Vitu vizito vimo, vyenye uzito wa Dunia nyingi, lakini vimetapakaa hadi karibu nusu ya njia ya kutoka katikati. Fikiria uji wa karanga usiokorogwa vizuri: chini mzito, juu mwepesi, na hakuna anayeweza kukuonyesha mstari wa mpaka.

Sababu. Mshtarii ina uzito wa Dunia 318, na Jua linaizidi zaidi ya mara elfu moja. Magunia yanatosha kuibana haidrojeni mpaka iwe metali, hayatoshi kuwasha moto. Ili haidrojeni iungane kama kwenye nyota, inahitajika Mshtarii kama 80 zilizojumlishwa. Na cha ajabu, hata ukizijumlisha hupati kitu kikubwa sana kwa umbo, kwa sababu kila unachoongeza kinaibana zaidi iliyokuwepo.

Kuna watu huiita nyota iliyoshindwa. Siupendi usemi huo, na si kwa sababu ya huruma. Nyota huanza kwa wingu kuporomoka lenyewe, wakati Mshtarii ilijengwa kwa mawe na barafu kwanza, kisha ikavuta gesi iliyolizunguka Jua changa. Huwezi kumwambia mbuzi kwamba ni ng'ombe aliyefeli. Joto lake nalo si la kuunganisha viini, maana sayari hii hutoa karibu mara mbili ya joto inalopokea kutoka kwenye Jua, nayo ni akiba ya kuzaliwa kwake inayotoka polepole huku ikijikunyata.

Ushahidi. Juno inapopita karibu, mvutano wa sayari unaisukasuka kidogo, na mawimbi ya redio yanatuambia imesukwa kiasi gani. Kwa njia hiyo tumejua pia kwamba pepo za mistari inayoonekana usoni mwake zinashuka kilomita kama 3,000 ndani. Tarehe 7 Desemba 1995 kichunguzi cha chombo cha Galileo kilizamishwa mawinguni kikafanya kazi chini ya saa moja kabla ya kuzidiwa. Kilikuta heliamu pungufu kidogo kuliko ya Jua, na neoni haba sana. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ndani kuna mvua: matone ya heliamu yanajitenga na haidrojeni ya metali na kuanguka, yakibeba neoni. Huku maabara moja Marekani mwaka 1996 ilibana haidrojeni kwa mgandamizo wa aina hiyo na ikaona inapitisha umeme.

Sasa Zohali. Ndani ni ndugu wa Mshtarii, nyepesi zaidi, na mvua ya heliamu inaaminika kuwa kubwa zaidi huko. Pete zake zimekuwa kifaa cha kipimo: sayari inapotetemeka, pete zinajikunja mawimbi, na kwa kuyasoma kutoka kwenye vipimo vya Cassini, chombo kilichoizunguka Zohali, wataalamu walionyesha mwaka 2021 kwamba kitovu chake nacho kimetapakaa, hadi asilimia kama 60 ya njia. Ni hoja nzuri sana. Ila mwanafunzi akishaziona pete kwenye darubini, habari za kitovu zimekufa kwa usiku huo. Kama lengo lako ni kuwafurahisha, chukua Zohali bila kusita. Kama lengo ni yaliyomo ndani, iache iwe zawadi ya mwisho.

Cha kuonyesha. Darubini ndogo inatosha kwa mistari miwili na miezi minne. Lakini nenda mbele kidogo. Agosti moja tulikuwa uwanjani Nkuhungu, upepo na vumbi la kutosha, nimeshika miguu ya darubini isicheze. Binti wa kidato cha pili akatazama muda mrefu, akasema, "Mwalimu, mbona limebonyea?" Wenzake wakamcheka. Nikawaambia warudi kwenye foleni watazame tena, na wote wakakiri. Mshtarii inazunguka kwa chini ya saa kumi, kiuno kimevimba na vichwa vimebonyea kwa asilimia kama 6. Kiasi cha kubonyea hutegemea uzito umejaa wapi ndani. Yule binti alikuwa anatazama ushahidi wa kitovu bila kujua.

Inamfaa mwenye darubini, wanafunzi wa sekondari, na ruhusa ya kubaki nje hadi saa tatu usiku. Hakikisha tu kwamba mwaka huo iko juu jioni, maana kuna miezi inajificha upande wa Jua.

NEPTUNI (NA URANO)

Kilichomo. Hapa unga umebadilika. Haidrojeni na heliamu ni ganda la nje, sehemu ndogo ya uzito. Chini yake ni maji, methani na amonia vilivyobanwa, na ndani zaidi miamba. Wataalamu huuita mchanganyiko huo barafu, jina linalopotosha kuliko yote niyajuayo, kwani una joto la maelfu ya nyuzi.

Sababu. Zilijengwa mbali na Jua, taratibu, na gesi ikawa imetawanyika kabla hazijashiba. Neptuni ina uzito wa Dunia 17 tu.

Ushahidi. Mdogo. Chombo kimoja, Voyager 2, kilipita Urano mwaka 1986 na Neptuni mwaka 1989, basi. Kilikuta uga wa sumaku umeinama na kukaa kando, ishara kwamba hautoki katikati kabisa. Mvua ya almasi inayosemwa sana imejaribiwa maabara kwa kupiga plastiki kwa leza, ikatoa vialmasi vidogo mwaka 2017. Huko kwenyewe haijaonekana.

Cha kuonyesha. Karibu hakuna. Kwa darubini nzuri utapata nukta ya samawati.

Inamfaa mwanafunzi mkubwa anayetafuta mada ya mradi ambayo majibu yake bado hayajafungwa. Watoto wa msingi usiwapeleke huko.

UKIKWAMA BADO

Una kipindi cha dakika 40, saa tano asubuhi, wanafunzi 80: Jua, karatasi, na kofia ya kukinga kila mtu. Uko kijijini Mvumi au Mpwapwa ndani, umeme hakuna na darubini hakuna, lakini giza ni zuri kupita la mjini: Antares na kitunguu, tena usisahau kuwaonyesha kijia cheupe cha nyota kinachopita pale pale. Umeazimwa darubini kwa usiku mmoja: Mshtarii kama iko, na Zohali mwishoni. Unamsimamia kijana wa kidato cha sita anayekuchosha kwa maswali: mpe Neptuni na muda wa wiki mbili.

Wanafunzi wa msingi nawafanyia tofauti kidogo. Nachukua tikiti dogo la upana wa sentimita 20 liwe Jua. Kwa kipimo hicho Mshtarii ni zabibu moja kubwa ya hapa hapa kwetu, na Dunia ni punje ya uwele. Naipitisha zabibu mkono hadi mkono, nawaambia waibonyeze polepole na waniambie ni wapi ganda linaishia na nyama inaanzia. Kisha nawauliza ingekuwaje kama ganda lisingekuwepo kabisa.

Na kama ni Januari, mvua imefunga wiki nzima na bado umepangiwa jioni yako, usiahirishe. Ingieni darasani na sufuria ya uji, jiko la mkaa na karanga iliyosagwa. Matabaka ya Jua na ya Mshtarii yote mawili yanaonekana humo, na safari hii chai haitaulizwa.